MTIHANI WA LETA NI MLANGO, SI NYUMBA



Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa Leta yanapotangazwa, miji yetu yajaa kelele. Vijana wajimwagia poda nyeupe kichwani na usoni, mama wapiga vigelegele, pikipiki zapiga honi barabara nzima, na jamaa ya mtoto aliyefaulu yapika mchele na kuku. Sisi twafurahi pamoja nao. Mzazi aliyeuza mpunga wake, mafuta yake ya mawese na mbuzi wake wa mwisho ili mtoto afike kalasi ya mwisho, ana haki ya kucheza ngoma siku hiyo. Asitokee mtu wa kumwambia kwamba furaha yake ni bure.

Lakini poda huoshwa. Kesho yake asubuhi kijana mwenye diploma ameketi mbele ya nyumba ya baba yake, na hapo ndipo twataka kumwuliza swali moja la kirafiki: Ndugu, katika kalasi ya mwisho umejifunza nini? Mara nyingi mno jibu ni neno moja tu: maitemu.

Nani asiyeyajua maitemu? Ni yale maswali ya mtihani ambayo majibu yake yamekwisha kuandikwa chini yake, na kazi ya mwanafunzi ni kuchagua moja. Maswali ya miaka iliyopita yanakusanywa, yanapigwa fotokopi, yanauzwa. Mwalimu anayaandika ubaoni, wanafunzi wanayanakili, wanayakariri usiku kwa taa ya mkononi. Kitabu cha historia kinafungwa. Jaribio la kemia halifanywi. Hakuna anayeandika barua, wala hoja, wala hesabu ndefu yenye kueleza njia iliyomfikisha kwenye jibu. Mwaka ambao ungekuwa kilele cha masomo yote umegeuka kuwa mwaka wa kubahatisha vizuri.

Jambo hili ndilo tunalolitaja leo, na tunalitaja wazi. Kalasi ya mwisho ya sekondari si chumba cha kungojea mtihani. Ni mahali pa kukomaza akili za watu watakaoishika nchi. Mtihani ni mlango wa kutokea. Haufai kuifanya nyumba nzima kuwa mlango.

Kwanza tuseme haki ya mtihani

Wako wenzetu wenye hasira wasemao: mtihani huu ufutwe, umekuwa soko. Sisi hatusemi hivyo, na twaomba tusikilizwe kwa nini.

Wananchi wanakumbuka tulikotoka. Wabelgiji walitutawala miaka mingi kabla ya kufungua mlango wa chuo kikuu. Lovanium ilianza mwaka 1954, na chuo kikuu cha Elisabethville mwaka 1956. Siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, Wakongo waliokuwa wamemaliza chuo kikuu hawakufika 30 katika nchi nzima kubwa kama hii. Hilo halikuwa jambo la bahati mbaya. Lilikuwa mpango: mfundishe mtu mweusi kusoma, kuhesabu na kutii, kisha msimamishe hapo. Patrice Lumumba mwenyewe hakuwa na diploma ya sekondari ya juu. Alisoma kozi ya posta mjini Léopoldville, na mengine yote aliyatafuta mwenyewe katika vitabu.

Baada ya uhuru masomo ya sekondari yaliongezeka kila upande, na kila shule ikawa na kipimo chake. Diploma ya shule kubwa ya mjini iliheshimiwa, na ile ya shule ya mbali ilitiliwa shaka hata kabla haijasomwa. Ndipo mwaka 1967 ukaanza mtihani wa Leta, ule ambao watoto wauita Egzetati: swali moja kwa nchi nzima, sahihisho moja, diploma moja. Mtoto wa Samba na mtoto wa Gombe walipewa karatasi ileile. Karatasi haimjui baba wa mtoto ni nani, haijui kabila lake, haijui kama aliingia shuleni kwa viatu au kwa miguu mitupu.

Hiyo ni haki, na wanyonge ndio wanaoihitaji kuliko wenye nguvu. Mtoto wa mkubwa hata bila mtihani atapata kazi kwa mjomba wake. Mtoto wa mkulima wa Kabambare hana mjomba Kinshasa. Ana ile diploma tu. Basi atakayesema tuichome, amwambie kwanza mtoto huyo atashika nini mkononi.

Kipimo hakioteshi mpunga

Lakini haki ya mtihani isitufumbe macho. Mama auzaye mchele sokoni ana kopo lake la kupimia. Kopo likiwa la haki, mnunuzi haibiwi. Je, kopo laweza kuotesha mpunga? Laweza kupalilia, kufukuza ndege, kupepeta? Mtu akiacha shamba akakaa nyumbani mwaka mzima anasugua kopo ling'ae, siku ya soko atapima nini?

Hivi ndivyo tulivyofanya. Mtihani wa siku nne umeyala masomo ya mwaka, na mahali pengine umekula hata mwaka unaoutangulia. Kisicholetwa na mtihani hakifundishwi. Mwanafunzi akiuliza kwa nini jambo liko hivi, anajibiwa na wenzake: je, hiyo itakuja Egzetati? Kama haitakuja, anyamaze, asipoteze wakati wa wenzake. Ndugu, siku ambayo swali la mtoto linaonekana kuwa kupoteza wakati, siku hiyo shule imekwisha kufa ingawa mlango wake uko wazi.

Na tusishangae basi kwamba udanganyifu umeota. Ukimfundisha mtu kwamba elimu ni kujua jibu lililo sahihi kati ya majibu yaliyoandikwa, umemfundisha pia kwamba atakayemnunulia jibu hilo amemnunulia elimu. Ndipo zinapoanza michango isiyo na risiti, ujumbe wa simu usiku wa kuamkia mtihani, na vijana wanaoshinda huku hawawezi kuandika ukurasa mmoja wa Kifaransa wala wa Kiswahili bila kunakili. Wizara hupiga kelele kila mwaka, na inafanya vyema kupiga kelele. Lakini wizi wa maitemu ni tawi. Mzizi ni kwamba hatukuacha kitu kingine chochote cha kupima isipokuwa maitemu.

Yaliyo mbele ya macho yetu yasiyofundishwa

Tutazame kwetu wenyewe, ili mtu asidhani kwamba twasema maneno ya hewani.

Mwanafunzi wa biolojia na kemia katika Kasongo anakariri majina ya magonjwa na vijidudu. Vema. Lakini ameambiwa kwamba mji wake unajulikana na waganga wa ulimwengu mzima? Kuanzia mwaka 1971 ulifanyika hapa mradi wa afya pamoja na Chuo cha Magonjwa ya Nchi za Joto cha Antwerpen. Vikajengwa vituo vya afya karibu na watu, vikafanya kazi pamoja na hospitali. Mwaka 1981 gazeti la waganga la London, The Lancet, likachapa habari za chanjo ya surua kwa watoto wa Kasongo wa umri wa miezi 7 hadi 35. Swali lililoulizwa lilikuwa gumu: mtoto aliyekingwa na surua anaokoka kweli, ama ugonjwa mwingine unamngojea mbele kwa sababu ni dhaifu? Wataalamu wakabishana juu ya swali hilo kwa miaka. Watoto wale walikuwa watoto wetu, wazao wa mitaa hii. Swali kama hilo lafaa kalasi ya mwisho: kuhesabu, kulinganisha, kutilia shaka, kujibu kwa hoja. Lakini halimo katika maitemu, basi limebaki Antwerpen na London.

Twende Kabambare. Dhahabu ya Namoya imechimbwa tangu wakati wa Wabelgiji, na katika miaka yetu hii kampuni iliyotoka Kanada imekuja na kuondoka, huku vijana wengi wakichimba kwa majembe na karai. Mwanafunzi anajua kwamba zebaki ni elementi ya namba 80. Atachagua jibu hilo bila kusita. Lakini je, amefundishwa kwamba popote wachimbaji watumiapo zebaki kukamata dhahabu, kisha wakaichoma motoni, moshi ule unaharibu mishipa ya fahamu, na mtoto aliye tumboni mwa mama yumo hatarini zaidi? Amefundishwa kuhesabu gramu ya dhahabu inayouzwa shimoni kwa bei hii, inauzwa mjini kwa bei gani, na nani amekula kilicho katikati? Hiyo ni kemia, ni hesabu, ni uchumi, ni uraia, yote kwa pamoja. Kijana anayejua namba 80 na asiyejua moshi, tumemfundisha nini?

Na historia je? Mwanafunzi wetu ataichagua tarehe ya vita fulani vya Ulaya. Lakini Kasongo ni mji uliotajwa katika vitabu vya dunia. Hapa palikuwa makao ya Hamed bin Muhammed, ndiye Tippu Tip, na mwanawe Sefu. Hapa zilipita pembe za ndovu na misafara ya watumwa, watu wa nchi hii waliofungwa minyororo wakapelekwa pwani. Livingstone alikaa miezi mingi Kabambare akiugua vidonda vya miguu, na mwaka 1871 aliona kwa macho yake watu wakiuawa sokoni Nyangwe, ukingoni mwa Lualaba. Mwezi wa Aprili 1893 majeshi ya Dhanis yakaingia Kasongo, na bwana mmoja akaondoka, bwana mwingine akaketi. Kiswahili tunachokisema kilikuja katika habari hizo hizo, pamoja na machungu yake. Tippu Tip aliandika maisha yake kwa Kiswahili kabla ya kufa mwaka 1905; Wazungu wameyasoma, wameyafasiri, wameyabishania. Wajukuu wa wale waliobeba pembe hawajaambiwa hata kwamba kitabu kipo.

Wazee wenye habari za baba zao wanakufa mmoja mmoja. Kila mzee anakwenda na maktaba yake kaburini, na nyumba ya pili yake kuna mwanafunzi wa kalasi ya mwisho ameinama juu ya fotokopi.

Duru mbaya, na mwaka 2031

Mtu atasema: hayo ni mambo ya wasomi, yatuhusu nini sisi tulio na njaa? Twajibu: yanamhusu kila mwenye mtoto.

Nani anafundisha katika shule zetu za msingi? Mara nyingi ni yule yule kijana aliyepata diploma ya Leta, aitwaye D6. Alichokipata kalasi ya mwisho ndicho atakachowapa watoto wetu. Kama alipewa kukariri, atawapa kukariri. Kama hakuwahi kuulizwa kwa nini, hatawauliza. Baada ya miaka 12 watoto hao watafika kalasi ya mwisho, watachagua majibu, watamwagiwa poda, na baadhi yao watarudi kufundisha. Hii ndiyo duru tunayoizungukia kama ng'ombe wa kinu.

Sasa tazameni kalenda. Mwezi wa Septemba 2019 shule ya msingi ya Leta ilifanywa ya bure, kama katiba ya mwaka 2006 ilivyoahidi. Watoto wengi mno waliingia kalasi ya kwanza, wengine ambao jamaa zao hazikuwahi kupeleka mtoto shuleni. Waliosoma bila kurudia walimaliza msingi mwaka 2025. Hesabuni wenyewe: miaka miwili ya kalasi ya 7 na ya 8, kisha miaka minne ya humanité, na watafanya mtihani wa Leta mwaka 2031. Watakuja kwa wingi usiopata kuonekana. Wakikuta kalasi ya mwisho ni duka la maitemu, tutakuwa tumewapa elimu ya bure mwanzoni na elimu tupu mwishoni. Ndiyo sababu twasema jambo hili lianze sasa, lisingojee mwaka 2030.

Wenzetu wamefanya nini

Hatuko peke yetu katika shida hii. Mwaka uleule wa 1967 ambao nchi yetu ilianza mtihani wa Leta, jirani zetu wa Tanzania walimsikia Mwalimu Nyerere akitoa Elimu ya Kujitegemea. Alisema shule isimtenge kijana na watu wake, wala mtihani usiwe bwana wa mafunzo yote. Mwezi wa Novemba 1974 Azimio la Musoma likaagiza kwamba kazi ya mwanafunzi ya kila siku na mwenendo wake vihesabiwe pamoja na mtihani, na kwamba kijana afanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu. Yote hayakufaulu. Mahali pengi shamba la shule liligeuka kuwa adhabu, na jembe likawa jembe tu lisilofundisha kitu. Tujifunze hapo pia: kazi isiyokuwa na fikira ndani yake haiwi elimu kwa sababu tu imefanywa shuleni.

Uganda ilianza mpango mpya wa sekondari ya chini mwaka 2020, na katika mtihani wa taifa wa mwaka 2024 alama 20 kwa 100 zilitoka katika kazi aliyoifanya mwanafunzi shuleni, na 80 katika mtihani wenyewe. Kenya ilifanya mtihani wake wa mwisho wa KCPE mwaka 2023, na mwezi wa Januari 2026 watoto wa kwanza wa mpango mpya wakaingia sekondari ya juu kwa njia tatu: sayansi na ufundi, maarifa ya jamii, na sanaa pamoja na michezo. Majirani hao wana matatizo yao ya vitabu na walimu, lakini wameanza kutembea.

Hata Marekani jambo hili lipo. Huko wanafunzi wa sekondari wenye bidii husoma kozi za juu ziitwazo Advanced Placement, zenye mtihani mmoja wa nchi nzima. Mwaka 2018 shule nane za binafsi za Washington na pembeni yake zilitangaza pamoja kwamba zitaziacha kozi hizo kabla ya mwaka 2022 kwisha. Zilisema walimu wataunda masomo yao wenyewe yenye kina zaidi, pasipo kukimbizana na mtihani.

Lakini hapa twaomba msomaji awe macho. Shule zile ni za matajiri. Jina la shule peke yake lamfungulia mtoto mlango wa chuo kikuu. Shule ya kijijini kwetu haina jina hilo. Basi tusiige kwa upofu. Tajiri akiitupa fimbo atapanda gari. Maskini akiitupa fimbo ataanguka. Twataka elimu yenye kina kama wao, na fimbo yetu tuishike vilevile.

Mbegu tunayo tayari

Watu watatuambia: hakuna labo, hakuna vitabu, mshahara wa mwalimu wachelewa, Kindu iko zaidi ya kilomita 200 kwa barabara ambayo wakati wa mvua inameza malori. Mnataka miujiza? Ndugu, yote hayo ni kweli, na mwalimu asiyelipwa vizuri ana haki ya kusema. Serikali imlipe. Hatuwezi kumbebesha mwalimu mzigo mpya huku tukimwacha na njaa ya zamani.

Lakini tunachokiomba hakikuanguka toka mbinguni. Kimo ndani ya mtihani wa Leta wenyewe. Kabla ya zile siku nne, mwanafunzi yeyote huandika insha ya Kifaransa kwa mkono wake, na hakuna jibu la kuchagua. Na wanafunzi wa shule za ufundi na wa ualimu wana juri ya vitendo. Msichana wa ushonaji anakata kitambaa, anashona mbele ya juri, na juri inaligeuza vazi ndani na nje kutazama mshono. Kijana wa ualimu anasimama mbele ya watoto anafundisha, na juri imekaa nyuma inatazama. Hawezi kununua itemu ya hapo. Ama ajua, ama hajui.

Basi swali letu ni hili: kwa nini mshonaji aonyeshe kazi yake, na mwanafunzi wa hesabu, wa biolojia, wa Kilatini na falsafa, wa biashara, asionyeshe? Je, akili haina mshono wa kutazamwa ndani na nje?

Tena tangu mwaka 2018 mipango mipya ya hesabu na sayansi imeanza kuingia sekondari, yenye kumtaka mwalimu aanze na jambo la maisha, kisha aingie katika somo. Mpango umegeuka, lakini kipimo cha mwisho kimebaki palepale. Ukimwambia mtu atembee mbele huku umemfunga kamba nyuma, usimlaumu akisimama.

Twataka nini

Maneno bila haja ni upepo. Haja zetu ni hizi.

Kwa Wizara ya Elimu, Kinshasa: siku nne zibaki, swali moja kwa nchi nzima libaki. Lakini kila mwanafunzi wa kalasi ya mwisho, wa opsheni yoyote, afanye kazi moja ya mwaka mzima juu ya jambo la nchi yake, aiandike, na aitetee kwa mdomo mbele ya juri. Kazi hiyo ipewe sehemu ya pointi za diploma, kama moja ya tano. Juri isiwe ya shule yake mwenyewe, ili mwalimu asisukumwe na mzazi wala na prefe. Akae mwalimu wa shule nyingine, akae muuguzi au mtaalamu wa kilimo au fundi kwa kadiri ya somo, na mlango uwe wazi, wazazi waingie wasikilize. Palipo na macho ya watu wengi, bahasha haina pa kupita.

Kwa maprefe na walimu wa Kasongo na Kabambare: msingojee barua ya Kinshasa. Maitemu yasiingie kalasini mpaka mpango wa mwaka umekwisha. Wiki za mwisho zatosha kumzoesha mtoto sura ya maswali. Na mwaka huu huu chagueni Siku ya Kazi, wanafunzi wa mwisho waeleze mbele ya mji walichochunguza. Hakuna haja ya labo kubwa. Mto upo wa kupima, soko lipo la kuhesabu bei za mchele juma kwa juma, mihogo ipo yenye ugonjwa wa majani, kisima kipo, kituo cha afya kipo na daftari zake, wazee wapo na habari zao. Kazi iandikwe kwa Kifaransa, maana diploma ni ya Kifaransa. Lakini itetewe pia kwa Kiswahili, maana katiba yataja Kiswahili kuwa lugha mojawapo kati ya nne za taifa, na mama aliyelipa karo ana haki ya kufahamu kile alichokilipia.

Kwa wazazi: katika mkutano wa komite ya wazazi msiulize tu wangapi wamefaulu. Ulizeni pia, mtoto wangu ameandika nini, amechunguza nini, amebishana na nani kwa hoja? Na mtu akija usiku kuomba mchango wa kununua majibu, mfungieni mlango. Fedha ile hainunui elimu. Inanunua aibu ya mtoto wako siku atakapopewa kazi asiyoiweza.

Kwa ninyi wanafunzi: mtihani ufanyeni, mshinde kwa pointi nyingi, hatutaki uvivu uliovaa nguo za mageuzi. Lakini msikubali kuwa mifuko ya kutiliwa majibu. Mtu aliyeelewa somo hababaishwi na itemu, bali aliyekariri itemu hubabaika likigeuzwa neno moja tu. Ulizeni kwa nini. Mkikatazwa, ulizeni kwa adabu mara ya pili.

Neno la mwisho

Mkoloni alituwekea mpaka: someni mpaka hapa, fikirini mpaka hapa. Baba zetu waliuvunja mpaka huo kwa shida nyingi, na wengine hawakurudi nyumbani. Haifai sisi wenyewe kuujenga tena kwa mikono yetu, kwa karatasi ya majibu ya kuchagua, tukauita maendeleo. Nchi haitaletewa maswali yaliyo na majibu chini yake. Barabara ya Kindu haina majibu ya kuchagua. Surua haina, dhahabu haina, amani ya vijiji vyetu haina. Majibu ya mambo hayo sharti yaandikwe na watu waliozoea kufikiri wenyewe.

Watoto wa mwaka 2019 wako njiani. Wana vitabu vyao kwapani, wanakuja. Tuwatengenezee nyumba yenye vyumba, si mlango uliosimama peke yake uwanjani.

Ndugu wananchi, kazi ni yetu. Tuianze.